Commodore 64 yaingia mtandaoni: nimesoma Kiswahili kwenye kompyuta ya mwaka 1982!

Wapendwa watazamaji, karibuni. Leo salamu ni fupi, maana nilichokiona jana usiku kimeninyima usingizi. Hii hapa ni Commodore 64. Mambo ya kumbukumbu na chipu ya sauti tuliyamaliza video iliyopita, siyarudii. Tuangalie hiki kidude nilichochomeka nyuma: modemu ya Wi-Fi.

Ngoja nisogeze kamera. Humo ndani kuna chipu ya ESP8266, nayo inashika masafa ya gigahezi 2.4 tu. Kama rauta yako umeiacha kwenye 5 peke yake, utatafuta mtandao mpaka asubuhi. Utamu sasa: Commodore haijui Wi-Fi ni nini. Inachojua ni modemu ya simu, zile zilizofuata amri za kampuni ya Hayes tangu mwaka 1981. Kwa hiyo unaiambia ipige simu! Tazameni: naandika ATDT, yaani "piga simu", na penye namba ya simu naweka anwani ya laptopu yangu, nukta mbili, 23, ambao ni mlango wa telnet, njia ya kuongoza kompyuta nyingine kwa maandishi. Return. Subirini... CONNECT! Jamani! Narudia, aliyekuwa jikoni asikose. ATDT... Return... CONNECT!

Kinachoniudhi ni matangazo yanayosema kila tovuti itafunguka. Si kweli. Tovuti karibu zote sasa zinataka HTTPS, yaani mawasiliano yaliyofichwa kwa siri, na usimbaji wake ni mzigo mzito mno kwa prosesa ya megahezi 1. Hapa kazi hiyo inafanywa na laptopu yenye mfumo wa Linux, kwa kutumia Lynx, kivinjari cha maandishi matupu kilichoanzia Chuo Kikuu cha Kansas mwaka 1992. Commodore inaletewa maandishi yaliyokwisha kusafishwa. Na njia hii ya telnet haina siri hata kidogo, iishie ndani ya mtandao wa nyumbani.

Haya, naandika: lynx -dump -width=40, kisha ukurasa wa Zanzibar kwenye Wikipedia ya Kiswahili. Oneni mistari inavyoshuka! Mwendo ni biti 2400 kwa sekunde, yaani kama herufi 240 kwa sekunde. Skrini nzima ina safu 40 na mistari 25, inajaa kwa sekunde nne hivi. Macho yangu hayaiwahi! Ila usithubutu kuleta picha: megabaiti 1 kwa mwendo huu ni zaidi ya saa nzima, na ikifika haina pa kukaa.

Zikitokea herufi kubwa tupu na vichorochoro, bonyeza Shift pamoja na kitufe cha Commodore. Na hapa nina furaha ya pekee: Kiswahili kinasomeka kama kilivyo. Hatuna herufi zenye kofia wala alama za juu. Kifaransa hapa kingeharibika, lakini "ng'ambo" hii hapa, na king'ong'o chake kimetimia. Niliisoma aya nzima kwa sauti, peke yangu, usiku wa manane.

Najua mtaniuliza kuhusu Amiga, kompyuta nyingine ya Commodore. Ndiyo, Amiga ina vivinjari vyenye picha, IBrowse ni kimojawapo, na kwa kuvinjari iko mbele. Lakini bei zake siku hizi! Modemu hii imenigharimu shilingi 80,000 pamoja na usafirishaji. Nilisema ni ghali, baada ya jana nimebadili mawazo.

Pesa nyingine tengeni kwa adapta mpya ya umeme. Zile za zamani zikichoka huzidisha volti na kuunguza chipu za kumbukumbu. Ya zamani ya Uingereza inaingia kwenye plagi zetu bila shida, lakini msiiamini kwa sababu hiyo.

Video sasa zitatoka Jumamosi badala ya Jumatano. Ijayo ni kompyuta ya ZX Spectrum. Niandikieni hapo chini tufungue ukurasa gani, nitaupigia simu mbele yenu.