Kujiita Mchoraji Leo au Kusubiri Uive
Anayejiita mchoraji kabla hajauza hata picha moja hupata jambo ambalo anayesubiri kuiva hulikosa, nalo ni sababu ya kuketi mbele ya ubao kila jioni. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya ubao wa dari, bila kupitia chuo cha sanaa, na mwaka 1972 akafariki. Angesubiri kuiva, huenda tusingelijua jina lake. Anayesubiri huepuka aibu ya kazi mbichi na hubaki na mshahara, faida nisiyoidharau, kwani kodi ya nyumba hailipwi kwa imani. Mimi ningeshika njia ya kwanza, bila kuacha ajira mpaka picha zianze kununuliwa.