Zana za bure za mtandaoni kwa darasa la Lamu: ipi uanze nayo, ipi uiache

Zana ya bure hailipiwi siku unapoipakua. Hulipiwa baadaye: kwa bando, kwa chaji, kwa karatasi, na zaidi ya yote kwa dakika za kipindi. Kipindi cha sekondari msingi ni dakika 40. Dakika 12 zikiishia kusubiri ukurasa ufunguke, zana hiyo ni ghali hata kama hakuna aliyetoa shilingi.

Kwa hiyo hatukuzipanga zana hizi kwa uzuri wa sura. Tumeziuliza maswali matatu. Mtandao ukikatika katikati ya kipindi, darasa linabaki na nini? Inahitaji simu au tableti ngapi? Na majina ya watoto yanakwenda kukaa wapi?

Swali la kwanza mwalimu wa Lamu analijua vizuri. Mjini Amu, yaani mji wa Lamu, mtandao wa simu unaridhisha, lakini ukivuka maji kwenda Pate, Siyu, Faza au Kizingitini hali hubadilika kijiji kwa kijiji. Hata mjini penyewe, majengo ya zamani yana kuta nene za mawe ya matumbawe, na kuta hizo humeza mawimbi ya waifai. Ruta iliyo ofisini haifiki darasa lililo ng'ambo ya ua. Ruta ikae ndani ya darasa lenyewe, juu, mbali na kabati la bati.

La pili: wanafunzi hawaji na simu shuleni, basi hesabu huanza na simu moja, ya mwalimu. Lakini kabla ya kutafuta chochote, omba ufunguo wa stoo. Mpango wa serikali wa vifaa vya kidijitali ulioanza 2016 ulizipa shule za msingi za umma tableti za wanafunzi, laptopu za walimu, projekta, na seva ndogo yenye ruta yake. Vitoe, vifute vumbi, vichaji kimoja kimoja. Chenye betri iliyovimba usikichaji kabisa, kitenge.

1. Kolibri

Hii ndiyo ya kwanza, na kwa shule ya kisiwani hatuoni inayoikaribia. Inatengenezwa na shirika la Learning Equality kwa ajili ya shule zisizo na intaneti. Kompyuta moja inageuzwa seva na masomo yote yanakaa ndani yake. Ruta inasambaza waifai bila bando, na tableti zinafungua masomo kwa kivinjari cha kawaida kama Chrome. Menyu zinapatikana kwa Kiswahili. Mwalimu anaandaa somo au jaribio, kisha anaona nani amekwama na kwenye swali gani.

Laptopu yenye RAM ya GB 4 inatosha. Pakua programu ukiwa mahali penye mtandao mzuri, kisha chagua chaneli, yaani mafungu ya masomo: Khan Academy ya Kiswahili, PhET, African Storybook na nyinginezo. Hapa ndipo wengi wanapopotea, maana wanabofya chaneli nzima. Khan Academy ya Kiingereza peke yake ni makumi ya GB. Ingia ndani ya chaneli, chagua mada unazofundisha muhula huu tu, na soma ukubwa unaoonyeshwa kabla ya kukubali.

Linaloipa Kolibri nafasi ya juu ni hili: shule moja ya Mokowe au Amu ikishapakua, inaweza kuhamisha masomo hadi kwenye diski. Diski inapanda boti hadi Faza, na shule ya huko inaingiza yote bila kutumia hata MB moja.

Yanayoharibika ni yale yale kila mahali. Laptopu ikifunikwa inalala, na seva inalala nayo. Badilisha mpangilio wa umeme ili isilale ikiwa kwenye chaji. Tableti zikikataa kufungua ukurasa ilhali laptopu yenyewe inafungua, mara nyingi ni ulinzi wa Windows unaozuia, basi iruhusu Kolibri kwenye mtandao wa ndani. Bado inakataa? Ingia kwenye mipangilio ya ruta uone kama imewekwa kuzuia vifaa visizungumze vyenyewe kwa vyenyewe, uizime. Na ile anwani ya kuandika kwenye tableti, mfano 192.168.1.20:8080, hubadilika ruta inapozimwa na kuwashwa. Iambie ruta iihifadhie laptopu ya seva anwani moja ya kudumu, la sivyo kila Jumatatu utaanza upya.

Usitumie hotspoti ya simu kwa darasa zima. Simu nyingi hukubali vifaa kumi au pungufu. Ruta ndogo ya nyumbani huanza kuchoka vifaa vikikaribia ishirini, hasa vyote vikicheza video kwa pamoja. Video ionyeshwe kwa projekta, tableti zibaki na mazoezi. Tableti za zamani zina vivinjari vya zamani, kwa hiyo jaribu moja kabla ya kuahidi darasa.

Kasoro yake ya kweli ni kwamba masomo hayakupangwa kwa mtaala wa umilisi wa Kenya. Mwalimu anakaa chini na muundo wa mtaala wa KICD, taasisi ya kukuza mitaala ya Kenya, anatafuta video na mazoezi yanayolingana na kila mada ndogo, anayaunganisha kuwa somo. Kwa mada moja, tenga saa nzima mara ya kwanza. Mwaka unaofuata kazi hiyo iko tayari.

Majina na alama hukaa kwenye kompyuta ya shule. Kwa watoto wadogo unaweza kuondoa sharti la nenosiri, maana nenosiri lililosahaulika hula kipindi kuliko hesabu yenyewe.

2. Plickers

Kama una simu moja tu na darasa la watoto 45, anzia hapa badala ya Kolibri. Kila mtoto anapewa kadi ya karatasi yenye alama nyeusi, na kila upande wa kadi una herufi yake: A, B, C au D. Unauliza swali, anainua kadi huku jibu lake likitazama juu, nawe unapitisha kamera ya simu darasani. Kwa sekunde chache unajua nani kapata na nani kakosa, akiwemo yule wa nyuma asiyeinua mkono hata siku moja. Kwetu sisi hiyo ndiyo thamani yake: swali linawafikia wote, na mtoto anajibu bila kuona haya, kwa kuwa herufi kwenye kadi ni ndogo na jirani hazisomi kwa urahisi.

Seti ya kawaida ina kadi 40. Iko pia ya kadi 63. Zichapishe mbili kwa kila karatasi ya A4, yaani karatasi 20 kwa kadi 40. Wino uwe mweusi kweli. Tona iliyokauka hutoa kijivu na kamera haisomi. Zibandike juu ya maboksi magumu, kwa sababu karatasi tupu hujikunja kwa unyevu wa pwani kabla ya wiki mbili. Usizifunike kwa plastiki inayong'aa, mwanga utarudi kwenye kamera. Kila mtoto abaki na namba yake ile ile mwaka mzima, na ashike kadi pembeni, vidole visiguse weusi.

Ikishindwa kusoma safu moja, tazama dirisha. Watoto wakiwa na mwanga mkali nyuma yao, kamera huwaona kama vivuli. Simama wewe upande wa dirisha ili mwanga uwaangukie usoni.

Inahitaji mtandao wakati wa kutumia, ila data yake ni ndogo. Akaunti ya bure ina kikomo cha maswali katika kila seti, basi gawa jaribio vipande vifupi. Bila projekta, andika swali ubaoni. Na badala ya majina kamili weka "Kadi 7", "Kadi 8", orodha ya kweli ibaki kwenye daftari lako.

3. PhET

Majaribio ya sayansi na hesabu kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, mradi ulioanzishwa 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobeli ya fizikia. Shule isiyo na maabara inaweza kuunganisha betri, balbu na swichi kwenye skrini, mtoto akaona kwa nini balbu mbili zote hufifia zikiwekwa kwenye mstari mmoja. Lile la msongamano wa vitu lina watu wake hapa: mtoto aliyeona jahazi likipakiwa mchanga hadi maji yakakaribia ukingo wake tayari ana swali. Mpe vipande vya uzito tofauti kwenye skrini, atafute mwenyewe kwa nini kimoja huelea na kingine huzama.

Chagua majaribio ya HTML5 pekee, yale mapya yanayofunguka kwa kivinjari. Ya zamani ya Flash na Java hayafunguki kwenye simu. Kila jaribio la HTML5 hupakuliwa kama faili moja, kwa kawaida la MB chache, na baada ya hapo halihitaji mtandao. Walimu hurushiana faili hilo kwa Bluetooth au flashi. Likifunguka na ukurasa mweupe, simu imelifungua kwa kisomaji cha faili; lifungue tena kwa kuchagua Chrome. Baadhi ya majaribio yamefasiriwa Kiswahili, lakini sekondari msingi sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, basi pakua lugha ya mtihani.

Apu ya PhET kwenye duka la simu inalipiwa. Tovuti ni bure, na haikosi kitu unachohitaji.

4. African Storybook

Kwa gredi ya 1 hadi 3 tungeipandisha juu zaidi. Ni mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini: hadithi fupi zenye picha, kwa Kiswahili na lugha nyingi za Afrika, zenye leseni inayoruhusu kunakili na kuchapisha. Pakua, chapisha, shona katikati kwa sindano na uzi, umepata kitabu. Mwalimu anaweza pia kuandika au kufasiri hadithi yake hapo. Kwa nini watoto wa Amu wasisome hadithi moja iliyoandikwa kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, kando ya Kiswahili sanifu? Soma kila hadithi mwenyewe kabla ya kuichapisha, kwani tafsiri hazilingani kwa ubora.

Nyingine, kwa ufupi

Google Forms ni nzuri kwa kazi za mwalimu na wazazi, si kwa kipindi. Zima sharti la kujibu mara moja tu kwa kila mtu, kwa sababu humlazimisha mzazi kuingia kwa akaunti ya Google na wengi huishia hapo. Maswali ya kuchagua husahihishwa vizuri. Ya kuandika neno hayasamehe tahajia, kwa hiyo tumia ya kuchagua.

GeoGebra: iweke kwenye laptopu, inafanya kazi bila mtandao, haina mshindani kwa jiometri na grafu.

Kiwix hubeba Wikipedia nzima nje ya mtandao. Faili lake likizidi GB 4, kadi au flashi yenye mfumo wa zamani wa kuhifadhi faili, FAT32, italikataa. Ifomati upya kwa exFAT baada ya kuhifadhi vilivyomo.

Canva kwa walimu ni bure ukithibitisha ualimu wako kwa nyaraka. Ni ya mabango na vyeti, haifundishi.

Kahoot, mchezo wa kushindana kujibu maswali mtandaoni, tunaiweka mwisho kwa darasa la hapa. Watoto huipenda, hilo halina ubishi. Lakini kila kundi linahitaji kifaa na mtandao usioyumba, anayechelewa kwa mtandao hupoteza alama ambazo alizijua, na idadi ya washiriki wa bure ina kikomo. Plickers inatimiza lengo hilo hilo bila dhuluma hiyo.

Zana yoyote inayokuomba namba ya kadi ya benki kwa "jaribio la bure" iache papo hapo. Na inayotaka majina, picha au tarehe za kuzaliwa za watoto, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019: data ya mtoto huhitaji ridhaa ya mzazi au mlezi.

Vichache vya kununua

Flashi au kadi ya GB 64. Bandia ni nyingi: imeandikwa 64, ndani ni 8, na faili za ziada huharibika kimya kimya. Ipime kwa programu ya H2testw kabla hujaondoka mjini, na uhifadhi risiti.

Powabenki ya mAh 20,000 ina takriban wati-saa 74. Baada ya upotevu hubaki kama 60. Ruta inayokula wati 8 itakaa nayo saa saba hivi, siku nzima ya shule. Ila ruta nyingi hutaka volti 12 na powabenki hutoa 5, basi nunua waya wa kupandisha volti na ulinganishe ncha yake na tundu la ruta yako.

Sanduku la plastiki lenye mfuniko unaobana, na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu. Hewa ya chumvi hugeuza tundu la chaji kuwa kijani, na tundu hilo likioza tableti imekufa.

Daftari moja la kuwekwa kwa mwalimu mkuu: anwani ya seva, nenosiri la ruta, nenosiri la msimamizi wa Kolibri, masomo yaliyomo na tarehe ya kuingizwa. Mwalimu aliyeyajua haya akihamishwa bila kuyaandika, vifaa vyote vinarudi stoo.