Cardinal au Flame Seedless: zabibu ipi ya mezani ya mapema?

Zote mbili zilizalishwa Fresno, California, na watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani: Cardinal ilitolewa kwa wakulima mwaka 1946, Flame Seedless mwaka 1973. Zote ni nyekundu na huwahi kuiva, bei ikiwa bado nzuri.

Kwa ukubwa, Cardinal imeshinda mapema. Punje zake ni nene zenyewe, bila kunyunyiziwa kitu. Ila zina mbegu, na wanunuzi wengi siku hizi hawataki kutematema. Flame haina mbegu, nyama yake ni ngumu kidogo na tamu, lakini punje ni ndogo. Ili zinenepe, mkulima hupulizia homoni ya jibereli na kubandua ukanda mwembamba wa ganda kuzunguka shina, kazi ya mikono inayokula fedha. Joto likizidi, rangi nayo hugoma.

Cardinal ina vituko vyake: kichala kimoja huchanganya punje mbivu na za kijani, ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu, huiandama, na mvua ya karibu na mavuno huipasua.

Una mizabibu michache uani, ya kula nyumbani? Cardinal inatosha. Unauzia maduka makubwa na vibarua wapo? Flame. Penye mvua wakati wa mavuno, Cardinal mimi singeigusa.