Darubini ya kioo ya milimita 130: itakufikisha wapi kwenye ulimwengu?

Kabla hajatoa pesa, mnunuzi huuliza: hii itanionyesha ulimwengu unapoishia? Basi tuipime darubini hii kwa swali hilo. Kuipima kwa Mwezi hakutoshi, maana Mwezi huonekana hata kwa kioo kibovu.

Ni darubini ya kuweka mezani. Kioo kikuu kina upana wa milimita 130 na urefu wa fokasi milimita 650, bomba hufupishwa na kurefushwa kwa vyuma viwili, na kitako ni cha mbao kinachozungushwa kwa mkono. Uzito ni kilo sita na kidogo, kwa hiyo hupanda tuktuk bila taabu. Inauzwa kwa majina mbalimbali, muundo ukiwa uleule. Lenzi za jicho zinazokuja nayo ni mbili, ya milimita 25 na ya milimita 10. Gawanya 650 kwa namba ya lenzi upate ukuzaji: mara 26 na mara 65. Anayekuonyesha boksi la kijidarubini cha plastiki lililoandikwa "mara 675" anakuuzia namba tu. Kazi hufanywa na upana wa kioo, na hiki hukusanya mwanga zaidi ya mara 300 kuliko mboni ya jicho iliyofunguka gizani.

Tunaipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imepotezwa na ile lenzi ya milimita 10, ambayo hufifisha pembeni, pamoja na uwazi wa bomba. Ukilirefusha, nusu ya juu hubaki wazi, na taa ya jirani hupenya moja kwa moja hadi kwenye lenzi. Dawa ni rahisi: kata mkeka mweusi wa mazoezi, uuzungushe pale penye uwazi na uufunge kwa lastiki. Usiubane ukaziba njia ya mwanga.

Vioo hufika vikiwa vimekaa upande karibu kila mara kwa sababu ya safari. Dalili yake ni nyota kuota mkia kama kimondo hata ukirekebisha vipi. Toboa tundu dogo katikati ya kifuniko cha plastiki kinachoenea kwenye mrija wa lenzi, kisha chungulia mchana. Tia sawa kwanza kioo kidogo cha juu mpaka uone kioo kikuu chote ndani yake, halafu zungusha skrubu tatu za nyuma, robo mzunguko kwa wakati, mpaka taswira ya tundu ikae katikati ya alama ya kioo kikuu. Usiku hakikisha kwa nyota angavu: ukiivuruga makusudi, iwe duara ndani ya duara, zote na kitovu kimoja.

Mombasa ina adui zake. Ukiitoa darubini kwenye chumba chenye AC, kioo hujaa ukungu papo hapo, kama glasi ya maji baridi. Ihifadhi chumba kisicho na AC, na uitoe nje nusu saa kabla ya kutazama. Chumvi ya bahari hula tabaka la alumini juu ya kioo, na unyevu huotesha fangasi kwenye lenzi. Weka lenzi kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vifuko vya silika, uvikaushe vikibadilika rangi. Kioo kikuu usikifute kwa kitambaa abadan. Kikichafuka sana, kioshe kwa maji yaliyotoneshwa yenye matone mawili ya sabuni ya vyombo, kisha kisimamishe kijikaushe chenyewe.

Sasa anga. Kisiwani, kwa taa za Kipevu na za barabara, utapata Mwezi, Mshtarii na miezi yake minne mikubwa, pete za Zohali, na Kilimia kwa uzuri wake. Galaksi, yaani mikusanyiko ya mabilioni ya nyota, zinataka giza: kwa uchache vuka Mtwapa uelekee Kilifi, na bora zaidi panda Voi usiku usio na mwezi.

Novemba, mvua za vuli zikiruhusu, tazama kaskazini mnamo saa tatu na nusu usiku. Doa refu la ukungu ni galaksi ya Andromeda, miaka ya nuru milioni 2.5 kutoka hapa (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja). Galaksi nyingi hutukimbia kwa kuwa ulimwengu unatanuka. Kwa ajabu, hii haitukimbii: inakuja upande wetu, karibu kilomita 300 kwa sekunde ukipima kutoka kwenye Jua. Mtaalamu wa nyota Vesto Slipher aliligundua hilo Marekani mwaka 1912. Galaksi zilizo jirani huvutana kuliko nafasi inavyotanuka kati yao.

Galaksi zinazobebwa na utanukaji wenyewe utazipata kwenye kundi la nyota la Mashuke (Virgo). Hapa Pwani tuna bahati, kwa kuwa mwezi Machi, kati ya saa saba na nane usiku, au mwanzo wa Juni saa mbili usiku, Mashuke hupita karibu na utosi, mahali penye hewa chache zaidi ya kupenya. Ila utosini ndipo kitako cha namna hii kinapokera: bomba likisimama wima, kulisogeza kidogo kushoto au kulia kunataka kitako kizunguke sana. Subiri saa moja kitu kishuke kidogo. Aprili na Mei usijisumbue. Masika hayana mazungumzo.

Tafuta nyota Spica, kisha pima upana wa ngumi moja, mkono ukiwa umenyooka, upande wa magharibi. Kwa lenzi ya milimita 25 utaona kijiti kifupi cha mwanga: galaksi ya M104, miaka ya nuru milioni 30 hivi, inayoachana nasi kwa karibu kilomita 1,000 kwa sekunde. Kaskazini zaidi ipo M87, kidoa cha mviringo, karibu miaka ya nuru milioni 54, ambayo shimo jeusi lake lilipigwa picha iliyotolewa 2019. Usikikazie jicho kidoa hicho. Tazama pembeni yake kidogo nacho kitajitokeza. Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco kule Ngomeni, kaskazini ya Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, ilichunguza miale ya eksirei ya kundi la galaksi ambalo M87 imo ndani yake.

Karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya boksi ndiyo sehemu mbovu kabisa. Ina picha ya mlipuko mweupe katikati ya giza, kana kwamba ulimwengu ulipasuka mahali fulani na vipande vikaruka kwenda kwenye nafasi tupu. Sivyo. Fikiria mkate wa sinia unaoumuka: zabibu hazitambai, unga ulio kati yake ndio unaotanuka, na zabibu iliyo mbali mara mbili huachana na wewe kwa kasi mara mbili. Ndivyo Georges Lemaître alivyoandika kwa hesabu mwaka 1927 na Edwin Hubble akaonyesha kwa vipimo mwaka 1929. Mfano wa mkate unakosea mahali pamoja tu: sinia ina ukingo. Nadharia ya utanukaji haihitaji ukingo wala eneo la nje la kutanukia, na hakuna zabibu iliyo katikati.

Mpaka upo, lakini ni wa kuona. Ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8, na kwa miaka 380,000 ya kwanza ulikuwa ukungu wa moto usiopitisha mwanga. Nuru iliyoachiwa ukungu ulipokatika imevutwa zaidi ya mara elfu moja, ikawa mawimbi ya redio ya nyuzi 2.7 tu juu ya sifuri kamili, yaani baridi ya mwisho kabisa. Arno Penzias na Robert Wilson waliinasa New Jersey mwaka 1964, wakashuku kinyesi cha njiwa ndani ya antena yao. Mahali ilikotoka nuru hiyo, kwa kuwa nafasi imeendelea kutanuka, sasa ni karibu miaka ya nuru bilioni 46 kutoka kwetu kila upande. Ng'ambo ya hapo, kwa dalili zote, ni galaksi zaidi za namna hiihii. Habari za malimwengu mengine zinatokana na hesabu, na hakuna chombo kilichowahi kuyaona, kiwe cha milimita 130 au cha mita 10.

Ukomo wa darubini hii ni kwasa (kiini kinachong'aa mno cha galaksi ya mbali) iitwayo 3C 273, kwenye Mashuke vilevile. Nuru yake imesafiri takriban miaka bilioni 2. Mwangaza wake ni daraja la 12.9 (namba ikizidi, kitu ni hafifu zaidi), na hapo milimita 130 iko kwenye pumzi ya mwisho: inataka giza la Voi, lenzi bora ya milimita 10, na ramani iliyochapishwa, kwa kuwa mwanga wa simu huliharibu jicho kwa dakika 20. Ukiipata ni nukta tu, kama nyota yoyote hafifu.

Mwenye kutaka kupima utanukaji badala ya kutazama tu, aruke hadi milimita 200 yenye kitako cha mota. Aongeze kamera na kichujio chenye mistari 100 kwa milimita, kinachofungwa kwa skrubu mbele ya kamera na kuichana nuru kuwa upinde wa mvua. Ajumlishe picha nyingi za sekunde chache, kisha alinganishe upinde huo na ule wa nyota nyeupe ya kawaida. Mstari wa haidrojeni ambao maabara huuweka kwenye nanomita 486, rangi ya buluu, kwenye 3C 273 ataukuta karibu na 563, umevutwa na utanukaji ukawa kijani cha kuelekea njano.