Mkuu wa Mkoa wa Mwanza au Gavana wa Kisumu: upi mfumo bora?

Wanaovuka ziwa kibiashara hubishana sana juu ya hili. Tuanze na namna mtu anavyoingia ofisini. Kwa Katiba yetu ya Tanzania ya 1977, ibara ya 61, Rais humteua Mkuu wa Mkoa baada ya kushauriana na Waziri Mkuu. Katiba ya Kenya ya 2010 inataka gavana achaguliwe kwa kura, asizidi vipindi viwili.

Kumwondoa ndiko kwenye tofauti kubwa. Mkuu wa Mkoa huondoka siku hiyohiyo Rais akiamua, ila mwananchi wa Ilemela, mkoani Mwanza, hana kura ya kumng'oa. Gavana huhitaji theluthi mbili ya wajumbe wa bunge la kaunti, kisha Seneti, bunge la juu la Kenya, isikilize mashtaka. Kazi hiyo ni ndefu, na wajumbe wakishapatana naye hukwama.

Fedha: kaunti zote 47 kwa pamoja zimehakikishiwa angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na hospitali za kaunti ziko chini yao. Lakini Bunge la Taifa na Seneti wakivutana juu ya mgawo, mishahara huchelewa. Kwetu mishahara mingi hutoka Hazina moja kwa moja.

Ukitaka uamuzi wa haraka kuhusu mwalo (pwani wanapotia nanga wavuvi) au barabara inayopita wilaya kadhaa, uteuzi una nguvu. Ukitaka wa kumwajibisha kwa kura zahanati ikikosa dawa, ugavana unakufaa zaidi. Kwetu, kwa hilo, mbane diwani wako: yeye umemchagua.