Meno 41 kwa 9: difu mpya ya pikapu yangu ya kempa, na fundi wa Nakuru aliyeifunga

Nianze na jibu, kwa sababu najua wengi wenu ndilo mnalotafuta. Kwa Land Cruiser pikapu yenye injini ya 1HZ isiyo na turbo, inayobeba kempa (nyumba ndogo ya safari) mgongoni na kushinda kwenye milima ya kutoka Nakuru kwenda magharibi, uwiano wa difu (gia za kwenye ekseli zinazopeleka mzunguko wa injini kwenye tairi) ninaoupendekeza ni 4.56. Si 4.11 niliyokuwa nayo, wala si 4.88 ambayo wauza spea watakusukumia. Nimeifunga mbele na nyuma kwa fundi wa difu aliye upande wa Industrial Area hapa Nakuru, na nimeiendesha hadi Kisumu, Kakamega, Kabarnet na Iten ikiwa na mzigo wake wote.

Gari lenyewe ni la kebini moja, silinda sita, lita 4.2, gia tano. Kempa ni fremu ya aluminiamu: kitanda, jiko la gesi, friji ndogo, betri mbili na tangi la maji la lita 100. Naikodisha kwa wageni na mara nyingi dereva ni mimi. Kilichonifanya nimwamini fundi huyu tangu mwanzo ni kwamba hakuniuliza nataka mbio kiasi gani. Aliniuliza, "Mama, umelipima likiwa limejaa?" Nilikuwa nimelipima kwa mizani ya ghala la mahindi kule Njoro: kilo 3,140, maji na dizeli hadi juu, watu wawili ndani. Nikamwonyesha karatasi, akavuta stuli, ndipo tukaanza mazungumzo.

Difu haiongezi nguvu ya injini hata kidogo. Unahesabu meno ya kraunwili, ile gia kubwa ya mviringo, unagawanya kwa meno ya pinioni, gia ndogo inayoizungusha, huo ndio uwiano. Ya zamani ilikuwa 37 kwa 9, yaani propela shafti inazunguka mara nne na kidogo ili tairi lizunguke mara moja. Mpya ni 41 kwa 9. Tofauti ni karibu asilimia 11: katika kila gia tairi linapata msukumo zaidi kwa kiasi hicho, na injini nayo inazunguka zaidi kwa kiasi hicho hicho mwendo ukiwa uleule.

Sasa kwa nini asilimia 11 tu inifurahishe hivi? Kwa sababu gari hili halikuwa likishindwa na mlima. Lilikuwa likianguka kwenye pengo lililo kati ya gia ya nne na ya tatu. Anayepanda kutoka Salgaa kuelekea Sachangwan na mzigo anajua ninachosema. Uko gia ya nne, mwendo 60, injini iko kwenye mizunguko kama 1,650 kwa dakika. Hapo 1HZ haina pumzi, maana msukumo wake hufikia kilele kwenye 2,200. Inaanza kulegea, unashuka 55, unashuka 50, unaingiza tatu. Kwa tatu inachangamka, inanguruma mpaka 60 ikiwa kwenye 2,450, unairudisha nne, inazama tena. Nyuma yako kuna basi linakuwashia taa, mbele kuna trela, na mgeni uliyembeba ameanza kutazama temperecha pamoja nawe. Kwa difu ya 4.56, mlima ule wa kadiri naupanda kwa gia ya nne, mwendo 65, injini iko karibu 1,970, na inabaki hapo. Palipo pakali zaidi bado ni gia ya tatu, lakini sihangaiki tena kubadilisha huku na huku.

Na kuna jambo la mwinuko ambalo watu wa pwani wakinishauri hulisahau. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na ukifika Timboroa umepita 2,700. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, kwa kuwa hewa inakuwa nyepesi. Piga hesabu: Timboroa unaendesha injini iliyokwisha kupoteza zaidi ya robo. Difu hairudishi robo hiyo, na asikudanganye mtu. Inachofanya ni kukuwezesha kuiweka injini kwenye mizunguko yake mizuri badala ya kuikanyaga resi ikiwa chini, ikatoa moshi mweusi na kuchemka bure. Ukiteremka hadi Kisumu, mita 1,130 hivi, gari lilelile utadhani limebadilishwa injini. Ndiyo maana ushauri wa mtu anayeendesha tambarare ya Ahero peke yake haumsaidii mtu wa Molo.

Kwenye tambarare hiyo nilitaka kuona kama nitajuta. Mwendo wa 80, gia ya tano, injini inazunguka karibu 2,140, ambapo zamani ilikuwa 1,930. Yaani sasa safari ya kawaida inakaa palepale penye msukumo mwingi, na kilima kidogo hakinilazimishi kutoka tano. Kelele imeongezeka kidogo, mazungumzo kebini yanaendelea bila kupaza sauti. Kwa 100 inafika karibu 2,680, na mimi na kempa yangu hatuna haja ya 100.

Basi mbona si 4.88, kama uwiano mkubwa ni mzuri? Ile ni meno 39 kwa 8. Pinioni ya meno manane ina kichwa kidogo, na ndiyo inayobeba mzigo wote. Pia kwa 80 ingekuwa karibu 2,290, na kwa 100 karibu 2,860, siku nzima. Ingekuwa na maana kama ningekuwa na tairi kubwa sana. Zangu ni 235/85R16, urefu wa kama milimita 806 kutoka chini hadi juu, sawa na zile za 7.50R16 za zamani. Mtu akifunga 285/75R16, ambazo ni kama milimita 834, difu yake ya 4.56 inafanya kazi kama 4.40. Kwa hiyo amua tairi kwanza, kisha difu. Ukianza na difu halafu mwaka ujao ukapenda tairi pana, umetupa pesa.

Kazi ya fundi sasa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nimeona kazi nyingi za difu na chache zilizofanywa hivi. Duka moja la spea mjini lilikuwa limeniletea kraunwili iliyotumika na pinioni kutoka gari jingine, wakasema "meno yanalingana." Fundi alizigeuza, akanionyesha namba zilizochorwa kwenye kila kipande, hazikuwa sawa. Kraunwili na pinioni husagwa pamoja kiwandani kama jozi. Ukizitenganisha zitalia na kulana. Akakataa kuzifunga, ingawa angepata pesa ya haraka. Tukaagiza jozi mpya mbili, nikasubiri.

Siku ya kufunga alipaka meno machache ya kraunwili rangi ya njano nzito, akaibana kraunwili kidogo kwa mbao ili kuwe na uzito, akazungusha pinioni kwa spana mbele na nyuma. Rangi ikahama pale meno yanapogusana. Alama ilikaa juu mno, karibu na ncha ya jino. Mimi ningeona imetosha. Yeye hakusema neno, akaifungua yote tena, akang'oa beringi ya pinioni na kuongeza shimu, pete nyembamba ya chuma, nyuma yake. Jaribio lililofuata, alama ikaja katikati ya jino, umbo la yai, upande wa kwenda mbele na hata wa kurudi. Ndipo akaweka geji ya saa kupima uchezaji kati ya meno: 0.15 mm. Akazungusha robo, akapima tena, akazungusha, akapima tena. Ya mbele aliifanya vivyo hivyo.

Ya mbele ni lazima, jamani. Kuna watakaokwambia ubadilishe ya nyuma tu kwa vile fowili, yaani kuendesha kwa tairi zote nne, huitumii kila siku. Siku utakayoiingiza kwenye matope, tairi za mbele zitataka kwenda mwendo wake na za nyuma mwendo wake, na kitakachopasuka ni kitu cha bei kubwa kuliko difu uliyookoa.

Alinipa masharti ya kuizoesha: safari ya kwanza nusu saa bila kempa, kisha ipoe kabisa. Kilomita 800 za mwanzo hakuna mzigo mzito, halafu oili imwagwe. Niliporudi kumwaga oili ya 80W-90, kwenye sumaku kulikuwa na unga laini wa kijivu tu, hakuna vipande. Alipima uchezaji tena bila kuombwa. Ufundi wa difu zote mbili alinitoza shilingi 30,000, spea mbali. Si rahisi, lakini ni haki.

Faida ambayo sikuifikiria sana wakati wa kununua ni kuteremka. Barabara ya Kabarnet inashuka bondeni Kerio hadi Chebloch, halafu inapanda Tambach hadi Iten, ambayo iko kama mita 2,400. Ukitoka Iten unateremka zaidi ya mita elfu moja. Kwa gia ya pili sasa injini inalishika gari vizuri zaidi, na breki nazigusa kwa vipindi badala ya kuzikalia. Tunajua sote yaliyotokea Salgaa kwa miaka, malori yakiteremshwa bila gia ili kuokoa dizeli. Gari lenye nyumba mgongoni ni la kushikwa na injini.

Malalamiko yangu mawili. Spidomita sasa inasoma zaidi ya ukweli: inaonyesha 80, simu inaniambia 72. Fundi hakunitajia hilo mapema, na ni jambo zito kwa mwenye spidi gavana inayosoma waya uleule, kwa kuwa itamzuia kwenye 72. Kuna gia ndogo ya plastiki ya kurekebisha; dai iwekwe kwenye kazi tangu mwanzo. La pili, haandiki chochote. Nilimwomba aniandikie vipimo na unene wa shimu, akafanya hivyo kwa furaha nyuma ya risiti, lakini ni lazima uombe.

Kama gari lako lina turbo, au kempa yako ni hema tu la juu ya paa, baki na difu yako na utumie pesa kwenye springi za nyuma. Kama ni 1HZ kavu na umepita kilo 3,000, nenda kamwone. Simu hapokei akiwa chini ya gari, kwa hiyo fika mwenyewe kabla ya saa tatu asubuhi, na ubebe karatasi ya mizani.