Uzoefu wangu na Coot katika kujenga asidi za amino zisizo za kawaida

Kwa sehemu kubwa ya masomo yangu ya uzamivu nimekuwa nikitumia Coot, programu ya kujenga modeli za protini ndani ya ramani za msongamano wa elektroni (picha za mahali elektroni zilipo katika fuwele, zinazopatikana kwa eksirei), iliyoanzishwa na Paul Emsley na Kevin Cowtan. Sifa zake katika kazi za kila siku zinajulikana, kwa hiyo nitaieleza katika jambo moja tu linalowatoa jasho wanafunzi wengi: kuingiza katika mnyororo asidi za amino ambazo hazimo katika zile 20 za kawaida. Maoni yangu ni kwamba kwa kazi hii programu yenyewe inatosha kabisa. Kinachoamua ubora wa modeli ni kamusi ya kemia unayoipa, yaani faili linalotaja atomi za molekuli, urefu wa bondi na pembe zake, na hapo ndipo mtumiaji anapaswa kuwa mkali.

Protini niliyoishughulikia zaidi ni OXA-48, kimeng'enya kinachovunja dawa za kundi la karbapenemu, ambacho kilitambuliwa kwanza katika bakteria wa Klebsiella pneumoniae aliyepatikana Istanbul mwaka 2001. Katika kitovu cha utendaji cha kimeng'enya hiki, laisini ya 73 hushika kaboni dioksidi kwenye nitrojeni ya ncha yake, na kundi hilo jipya ndilo linaloipokonya serini ya 70 protoni ili serini hiyo iweze kuishambulia dawa. Ukiijenga kama laisini ya kawaida, ramani ya tofauti, inayolinganisha data na modeli, inakuonyesha donge la kijani mbele ya nitrojeni, bapa, lenye umbo la pembetatu, ambalo modeli yako haina atomi ya kulielezea. Kishawishi ni kutia humo molekuli mbili za maji na kuendelea na kazi nyingine. Pima umbali kwanza: maji yanayoshikana na nitrojeni kwa bondi ya hidrojeni hukaa takriban angstrom 2.8 (angstrom ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita) kutoka kwake, ilhali oksijeni za donge hili ziko karibu na 2.3, umbali usiowezekana isipokuwa pawepo kaboni katikati inayoziunganisha na nitrojeni hiyo.

Hapa Coot hufanya kazi kwa wepesi wa kupendeza. Ipo amri, mutate_by_overlap, inayoondoa pingili moja ya mnyororo, yaani asidi ya amino moja, na kulaza nyingine mahali pake, nawe unachotakiwa kutaja ni mnyororo, namba ya pingili na msimbo mpya, ambao kwa laisini hii ni KCX. Uti wa mnyororo hubaki ulipokuwa, atomi CX, OQ1 na OQ2 huongezeka kwenye ncha, na baada ya kurekebisha mahali hapo dhidi ya ramani, lile donge la kijani huisha. Kwa kuwa KCX imo tayari katika maktaba ya kamusi ya CCP4, mkusanyiko wa programu za kutatua miundo ya fuwele, bondi ya peptidi kwa majirani wa pande zote mbili hutambuliwa bila kuelekezwa.

Selenomethionini, yenye msimbo MSE, ni rahisi zaidi, na wengi wetu hukutana nayo mapema kwa sababu selenium husaidia kutatua tatizo la fezi, yaani kupata fezi za mawimbi ya eksirei ambazo hazipimwi moja kwa moja. Angalizo langu ni moja: usibadilishe jina la atomi tu kwa mkono. Bondi ya kaboni na selenium ina urefu wa takriban angstrom 1.95, wakati ile ya kaboni na salfa ni 1.80, na selenium ina elektroni 34 dhidi ya 16 za salfa. Mabadiliko nusunusu huacha alama kwenye ramani ambazo utazihangaikia bure.

Nikiwa hapo niseme neno kuhusu zile skripti za "kusafisha" faili ambazo wanafunzi hupeana. Katika faili za muundo wa PDB, hifadhi ya kimataifa ya modeli za protini, pingili zilizobadilishwa huandikwa kwenye mistari ya HETATM, sawa na maji na chumvi, na skripti inayofuta mistari hiyo yote huondoka na laisini ya 73 pamoja na kila selenomethionini iliyomo. Nimeona modeli za namna hiyo zikipelekwa kwenye majaribio ya kompyuta ya kupachika dawa, kitovu cha utendaji kikiwa na pengo.

Ugumu wa kweli huanza pale pingili yako haimo katika maktaba, kwa mfano asidi ya amino iliyotengenezwa na wanakemia na kuingizwa katika protini kupitia kodoni ya UAG, ambayo kwa kawaida huashiria mwisho wa protini. Mimi hutumia AceDRG, programu ya kutengeneza kamusi inayokuja na CCP4, ambayo huchukua maelezo ya molekuli kwa SMILES (namna ya kuandika molekuli kwa mstari mmoja wa herufi) na kukadiria urefu wa bondi na pembe zake kutokana na fuwele za molekuli ndogo zilizohifadhiwa katika Crystallography Open Database. Makadirio hayo ni mazuri. Hata hivyo, unapoanza na SMILES, majina ya atomi hayana budi kukaguliwa, kwa sababu atomi za uti zisipoitwa N, CA, C na O, programu haiwezi kujua mnyororo unapita wapi. Kagua pia kundi lililoandikwa ndani ya kamusi: likisomeka kuwa si polima badala ya peptidi, pingili yako itaelea peke yake na majirani watasukumwa mbali nayo. Oksijeni ya ziada, OXT, iondolewe ikiwa pingili iko katikati ya mnyororo. Kwa jina la muda tumia LIG, DRG au namba kati ya 01 na 99, ambazo PDB imezitenga kwa shughuli hiyo, usije ukagongana na molekuli ya mtu mwingine.

Ninasisitiza kamusi kwa sababu data zenye rezolusheni (kiwango cha undani unaoonekana) ya angstrom 2.5 haziwezi kuikosoa. Kundi la azidi, ambalo nitrojeni zake tatu hukaribia mstari mnyoofu, litapindwa na kamusi iliyoandikwa chaji vibaya, na ramani itakubali umbo hilo bila kuonyesha wekundu wowote, alama ya atomi zisizoungwa mkono na data. Unachokitazama kwenye skrini ni kamusi yako ikiwa imepambwa kwa ramani.

Jambo ambalo halikuniridhisha ni mchanganyiko wa aina mbili mahali pamoja. Kaboni dioksidi hushikana na laisini kulingana na pH, na katika fuwele moja unaweza kukuta baadhi ya molekuli zina KCX na nyingine zina laisini tupu. Nililazimika kuandika hali A na hali B kwa mkono ndani ya faili, kisha kugawa ukaliaji wa kila moja, yaani sehemu ya molekuli zilizo katika hali hiyo, kazi ya kuchosha ambayo ingestahili kitufe chake.

Coot ni programu huria na haidai ada, na CCP4 haiwatozi watafiti wa vyuo. Zote mbili hufanya kazi kwenye kompyuta mpakato ya kawaida. Kabla ya kuwasilisha modeli PDB, omba ripoti ya ukaguzi ya awali na ufungue sehemu inayohusu pingili zisizo za kawaida, maana bondi na pembe zake hulinganishwa huko na vipimo ambavyo havikutoka katika kamusi yako.